Wasiwasi sio ugonjwa wa wanawake, na ukoo hauna kesi ya kujibu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu barua ya msomaji mwenzangu wa huku huku Kanda ya Ziwa, yule aliyewashauri vijana kwamba kabla hawajapeleka posa wachunguze kwanza kama mama wa binti au dada zake wana shida ya wasiwasi na moyo kwenda mbio, kwa sababu kwa maelezo yake huo ni ugonjwa wa wanawake, unatembea kwenye damu na ukishaingia nyumbani hautoki. Barua ile imeniuma sana. Najua mabinti wanaoweza kukosa ndoa kwa maneno kama yale, na najua pia wanaume watakaoyasoma wakaona kumbe wao hayawahusu, na hao ndo nawaogopea zaidi.

Mi nauza kwenye duka la dawa muhimu Igogo, hapa Mwanza. Sio daktari na sijifanyi daktari, ila mtu anayekaa nyuma ya kaunta ya dawa kwenye mtaa kama wetu anaona vitu ambavyo hospitali hawavioni, kwa sababu mtu anaanzia kwangu kabla hajapanda hospitali ya Bugando au kwenda ya Sekou Toure, na wengi wanaishia hapo hapo kwangu. Mwanamke akija atakwambia dada moyo unanienda mbio, mikono inakufa ganzi, pumzi inakata, nahisi kama nakufa na presha nimepima iko sawa, sasa hiki ni nini? Anaweza asijue jina la tatizo lakini analisema lilivyo. Mwanaume hasemi hivyo. Mwanaume anakuja anaomba dawa ya vidonda vya tumbo, baada ya siku kadhaa anaomba ya kichwa, siku nyingine anasubiri wateja waishe anasogea karibu anaulizia dawa ya nguvu za kiume, alafu usiku mmoja wakati nafunga mlango anasema dada nipatie kitu cha kunilaza, siku hizi sipati usingizi kabisa, na ukimuuliza unawaza nini anakujibu siwazi kitu, ni uchovu tu wa kazi. Akikosa kwangu anaenda kwenye gongo, kule hakuna anayemdai cheti cha daktari.

Kwa hiyo tukihesabu waliofungua mdomo wakasema "nina wasiwasi", ndio, wanawake watakuwa wengi. Na sio Igogo tu, tafiti za nchi nyingi zinaonyesha wanawake wanaokutwa na magonjwa ya wasiwasi wanakaribia kuwa mara mbili ya wanaume. Hilo silikatai na wala sio kwamba tofauti yote inatokana na wanaume kuficha, wanawake kweli wanaumia zaidi na nitalirudia huko mbele. Ila kusema eti ugonjwa wenyewe umekaa kwenye damu ya wanawake ni jambo jingine kabisa, na hilo lilishachunguzwa, tena kwa njia ambayo sisi watu wa Mwanza tunapaswa kuielewa haraka kuliko watu wengi, yaani kwa kutumia mapacha.

Huku kwetu kila mtaa una Kulwa na Doto, na Shija anayewafuata. Wapo Kulwa na Doto wanaofanana mpaka majirani wanawachanganya, na wapo ambao ukiwaona huwezi kudhani hata ni ndugu. Sasa watafiti wanachofanya ni hivi. Mapacha wanaofanana wametoka kwenye yai moja na vinasaba vyao ni karibu vyote vile vile, wasiofanana wanashirikiana wastani wa nusu tu, sawa na ndugu wengine wa tumbo moja, ila wote wamezaliwa siku moja, wamelelewa nyumba moja, wamekula sufuria moja. Ukikuta ugonjwa ambao akiwa nao Kulwa, Doto anayefanana naye anaupata mara nyingi kuliko Doto asiyefanana, hapo ujue urithi una kazi yake. Wakikaribiana sawa sawa pande zote mbili, basi urithi hauna kazi kubwa, angalia malezi ya ile nyumba. Na ukikuta hata wale wanaofanana kabisa mmoja anaumwa na mwenzake mzima, ujue kuna kitu kimempata huyu peke yake ambacho mwenzake hakikumpata.

Mwaka 2001 watafiti wa Marekani, John Hettema, Michael Neale na Kenneth Kendler, walizikusanya pamoja tafiti za namna hiyo wakakuta kwamba urithi unaeleza kama asilimia 43 ya tofauti iliyopo kati ya watu kwenye ugonjwa wa paniki, ule wa hofu kumkamata mtu ghafla mpaka anadhani moyo unasimama, na kama asilimia 32 kwenye ule wasiwasi wa jumla usioisha, wa mtu kuwaza watoto, hela, afya, kesho, keshokutwa, mwaka mzima. Naomba hapo watu wasome taratibu. Zaidi ya nusu haikutoka kwenye damu! Imetoka kwenye maisha, na sehemu kubwa ya hayo maisha sio malezi ya pamoja ya nyumbani bali ni yale yanayompata mtu mmoja mmoja. Alafu hiyo asilimia inazungumzia tofauti katika kundi la watu, haimaanishi kwamba theluthi ya woga wa Mama fulani imetoka kwa bibi yake na iliyobaki imetoka sokoni, hakuna kipimo cha kumgawanya mtu mmoja hivyo. Na hakuna kinasaba kimoja cha wasiwasi ambacho unaweza kusema huyu anacho huyu hana, ni vinasaba vingi sana kila kimoja kinachangia kidogo kidogo, na karibu sisi wote tunabeba baadhi.

Mwaka 2005 Hettema na Kendler na wenzao wakatoa kazi nyingine, mapacha zaidi ya 5,000 wa jimbo la Virginia, wa kiume kwa kiume na wa kike kwa kike, na safari hiyo waligusa swali lile lile la msomaji mwenzangu: je, mpangilio wa urithi na mazingira unaoleta wasiwasi kwa wanaume ni tofauti na ule wa wanawake? Waliangalia paniki, wasiwasi wa jumla, hofu ya sehemu za wazi na zenye watu wengi, hofu ya kuwa mbele za watu, hofu ya wanyama na hofu ya mahali kama vile kwenye urefu au chumba kilichofungwa. Jibu walilopata ni kwamba mpangilio unafanana kwa wanaume na wanawake. Yaani Doto wa kiume anarithi kwa njia ile ile anayorithi Doto wa kike. Mapacha wale ni Wamarekani weupe, hakuna wa Ukerewe wala wa Sengerema, kwa hiyo sizichukui zile namba nikazibandika Igogo kama zilivyo, lakini mtu anayesema ugonjwa ni wa damu ya kike ndo anatakiwa alete ushahidi wake na mi sijauona.

Kuna kitu kingine walikuta ambacho kwa kweli kilinifungua macho. Urithi wenyewe uligawanyika kama mafungu mawili. Fungu moja linabeba zaidi paniki, wasiwasi wa jumla na ile hofu ya sehemu za watu wengi. Fungu la pili linabeba zaidi hofu za kitu maalumu, mnyama au mahali. Hofu ya kuwa mbele za watu iko katikati, inachukua huku na huku. Sasa mi ninaye mteja, dereva wa gari la mizigo, mwanaume mzima, toka daraja la Kigongo kwenda Busisi lifunguliwe Juni 2025 watu wote wanalifurahia kwa kuwa foleni ya kivuko imeisha, yeye akifika pale jasho linamtoka mwili mzima kwa zile kilometa tatu juu ya maji, anakaza macho kwenye lami tu mpaka avuke. Ila ukimwacha na mambo mengine ni mtu mtulivu, analala vizuri, anaongea vizuri. Na ninao wengine ambao daraja wanavuka bila shida ila kukaa tu nyumbani jioni moyo unaanza mbio bila sababu. Sisi wote tunawaita waoga. Kumbe inawezekana ni vitu viwili na hata matibabu yake hayafanani, huyu wa daraja mtaalamu atamzoesha hatua kwa hatua kukutana na kile anachokiogopa mpaka mwili ukubali kwamba haufi. Hata wacheza ngoma ya nyoka wa Bayeye hawampi mtoto chatu mkononi siku ya kwanza.

Turudi kwenye mazingira maana hapo ndo pana mzigo wetu watu wa ziwa. Kwenye tafiti hizo za mapacha, yale ya nyumbani ya pamoja yalikuwa na sehemu ndogo, kilichokuwa kikubwa ni kile cha mtu binafsi. Nikiangalia huku naelewa kabisa. Kaka wawili wa nyumba moja, mmoja anashona viatu Makoroboi na mwingine anavua dagaa usiku. Huyu wa dagaa anatoka giza la mwezi likiingia, anakaa na taa juu ya maji usiku kucha, na ziwa letu radi zake na dhoruba zake kubwa zinapiga hasa usiku na kuelekea alfajiri, wataalamu wa hali ya hewa wanalihesabu kati ya sehemu zenye ngurumo nyingi zaidi duniani. Juu ya hapo kuna wezi wa mashine na nyavu wanaokuja na mapanga, kuna deni la mafuta kwa tajiri, kuna siku za mbalamwezi ambazo hakuna kuvua na nyumbani wanakula. Akiona mwenzake anazama mbele ya macho yake alafu kesho yake anatakiwa arudi maji yale yale, huyo na ndugu yake wa Makoroboi hata wangekuwa Kulwa na Doto wa yai moja hawawezi kuwa na mwili mmoja wa hofu tena.

Na sisi hatujasahau. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 na makaburi yapo pale Igoma, MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 pale Ukara watu 228 wakafa. Kila familia ya visiwani ina mtu, na kuna watu wazima mpaka leo wakisikia boti inayumba kidogo wanashika nguo ya aliyekaa jirani. Tulizika, tulichanga, tulipewa pole, lakini nani alipita nyumba kwa nyumba kuuliza usingizi ukoje?

Kwa wanawake mazingira yana sura nyingine, na hapa ndo naamini, kwa ninavyoona mimi, sehemu ya ile mara mbili inatokea. Mama mchuuzi akifika mwaloni, pale boti zinaposhusha, kupata samaki wakati samaki ni wachache anaambiwa hela peke yake haitoshi, mnajua nazungumzia nini, biashara ya ngono kwa samaki kwenye mialo yetu sio siri. Akirudi nyumbani kuna kupigwa. Kuna ujauzito na kipindi baada ya kujifungua ambapo homoni zinabadilika haraka na usingizi hakuna, wasiwasi unaanza hapo kwa wanawake wengi na ukimwambia mtu anasema ni deko la mzazi. Kuna kulea watoto wa mume na wa marehemu dada kwa mtaji wa ndoo mbili za dagaa. Ukimwekea mtu yote hayo alafu ukasema tatizo ni damu ya mama yake, unamwonea, na unamwacha anayempiga akiwa msafi kabisa.

Basi tukirudi kwenye posa. Mi ni mzazi na naelewa kwa nini tunachunguza ukoo, wazee wetu walichunguza na walikuwa na sababu zao. Lakini kama mtu anataka kuchunguza kwa haki, aulize na upande wa kiume pia, aulize baba wa kijana anakunywa kwa nini kila jioni, aulize yule mjomba aliyeacha kazi mjini akarudi kijijini akawa hataki kuonana na watu alikuwa na nini, aulize babu asiyepanda gari. Atakuta mambo yale yale ambayo kwa binti yanaitwa ugonjwa na kwa kijana yanaitwa ulevi, ukali, ukimya. Na akishakuta asivunje uchumba, maana kuwa na ndugu mwenye shida hii kunaongeza uwezekano tu, hakumpi mtu ugonjwa, wengi wenye ndugu wa namna hiyo hawaupati kabisa. Faida ya kujua ni kwamba dalili zikianza mnazitambua mapema badala ya kuzunguka miaka kwa waganga na maduka ya dawa.

Kuhusu dawa niseme kwa sababu ni kazi yangu. Valium sio dawa ya kununua kama Panadol, inatuliza kwa muda ndio, ila mwili unaizoea haraka, unataka zaidi, na kuiacha ghafla kuna hatari, kwa hiyo ukininunia kwa kuwa nimekataa kukuuzia bila cheti endelea tu kuninunia. Dawa ambazo daktari huwa anaanza nazo kwa tatizo la muda mrefu ni zile za kundi linalotumika pia kwa sonona, hizo hazileweshi, ila zinachukua wiki kadhaa mpaka zifanye kazi na hapo ndo watu wanaziacha, siku ya tano mtu anasema haijanisaidia. Ukiachana na vidonge kuna tiba ya maongezi, ambayo mtaalamu anakufundisha kuyajua mawazo yanayowasha ile hofu na kuyajibu, na yenyewe imethibitika kabisa. Na kabla ya yote upimwe vizuri, kwa sababu tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi nayo inaleta moyo mbio, kutetemeka na jasho, upungufu wa damu nao unafanya moyo ukimbie, na hawa vijana wa bodaboda wanaokunywa makopo ya vinywaji vya kuongeza nguvu moja baada ya jingine usiku kucha waanze kwa kupunguza hayo makopo.

Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na magonjwa ya wasiwasi, na kati ya wanaohitaji matibabu ni kama mmoja tu kwa wanne anayeyapata. Huku kwetu hata huyo mmoja namtafuta. Bugando kuna idara ya afya ya akili, lakini kijana wa mwaloni akisikia akili anajua unamwita kichaa, hapandi ule mlima wa Bugando.

Ndio maana naomba kitu ambacho hakihitaji jengo jipya. Mama mjamzito anapokwenda kliniki kuna muuguzi wa kumuuliza maswali, na wakunga wengine siku hizi wanauliza mpaka usingizi na mawazo, Mungu awabariki. Mwanaume anaulizwa lini? Anakwenda hospitali akivunjika. Basi aulizwe hapo hapo anapopatikana. Wako wengi wanaochukua dawa za VVU kwenye vituo vyetu vya kando ya ziwa, wanakwenda kwa tarehe, kuna mtu anawajua kwa sura, pale pale waulizwe maswali mawili matatu ya wasiwasi, wanaume kwa wanawake, kwa maneno ya kawaida, unalala? moyo unakukimbia? unaogopa kurudi ziwani? BMU za mialo yetu, vile vikundi vya kusimamia uvuvi, zinaandikisha vyombo na wavuvi wake, chombo kikizama au kikivamiwa wao ndo wa kwanza kujua, basi wawe na namba ya muuguzi mmoja wa afya ya akili wa wilaya ya kumpigia ili wale waliookoka wafuatiliwe na sio kuhesabiwa tu. Na sisi wa maduka ya dawa tupewe mafunzo ya kutambua yule wa vidonda vya tumbo visivyopona, tupewe na karatasi ya rufaa anayoweza kwenda nayo moja kwa moja bila kuanza foleni upya, maana nikimwambia tu nenda hospitali najua haendi.

Na wewe Mhariri nakuomba, ile barua uliichapa na ni haki yake mwandishi, ila safari nyingine waandishi wako wakija Kirumba mwaloni kuuliza bei ya sangara wakae pia na wale vijana wanaokunja nyavu asubuhi, wawaulize wanalalaje. Wasiwaulize mbele ya tajiri wao, na wasiwapige picha.

Wako msomaji,
Muuza duka la dawa, Igogo, Mwanza